DAKTARI WA UMEME WA MOYO NI SHAURI LETU PIA



Katika mkutano uliopita wa tawi letu la Karurumo, Katibu alisoma barua anayotaka tuipeleke kwa wakubwa wa Kaunti, na ndani yake mlikuwa na ombi kwamba daktari mmoja wa Embu apelekwe kusomea ubingwa wa mapigo ya moyo. Ndugu mmoja akasimama nyuma kabisa akauliza kwa sauti kubwa: "Sisi tunadai viatu vya mpira na makoti ya mvua, na Katibu anatusomea habari za madaktari kwenda kusoma. Hayo yatuhusu nini?" Watu wakapiga makofi. Nami nilicheka pamoja nao, maana swali lilikuwa zuri na mvua ilikuwa ikipiga mabati siku ile ile. Lakini usiku sikulala vizuri, na ndiyo sababu nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu hili nijibu.

Wengi wenu mwamjua mwenzetu wa mizani. Jina lake sitalitaja, maana mwenyewe hakupenda. Alipima kahawa miaka mingi, na sijapata kumsikia mkulima akilalamika kwamba kilo yake imepotea mikononi mwake. Siku moja akiwa ameshika daftari alianguka. Baada ya nusu dakika akainuka, akajipangusa vumbi, akaendelea kuandika. Wiki mbili zikapita, akaanguka tena. Mara ya tatu aliangukia chuma cha mizani akapasuka kichwa. Wengine wakasema ni kifafa, wengine wakasema kuna mtu amemfanyia mambo, na mwajiri wake akasema ni pombe. Katika hospitali moja alipewa vidonge vya kifafa, akavinywa mwaka mzima na kuanguka vile vile. Mwisho wake akaandikiwa barua ya kufukuzwa kwa kosa la ulevi kazini.

Mimi ndimi niliyekuwa mjumbe wa chama siku hiyo. Nilikaa naye mbele ya meneja nikiwa sina neno. Nilijua kwamba mtu huyu hanywi hata katika arusi ya ndugu yake, lakini sikuwa na karatasi yo yote ya daktari ya kuweka mezani, na meneja alikuwa na mashahidi watatu waliomwona akiyumba na kuanguka. Nikamshauri apokee malipo yake aondoke kwa amani. Akanitazama tu, akatia sahihi.

Ilikuwa baadaye sana ndipo afisa mmoja wa kliniki, msichana aliyetoka chuoni juzi tu, alipomshika mkono akahesabu mapigo ya moyo wake huku akitazama saa. Yalikuwa 32 kwa dakika. Akamlaza, akamfunga nyaya za mashine ya kupima umeme wa moyo, karatasi ikatoka, akaitazama mara mbili. Akasema: "Mzee, wewe huna kifafa. Moyo wako unakatikiwa na stima."

Sasa niwaeleze jambo hili kama nilivyoelezwa mimi. Ye yote aliyefanya kazi katika kiwanda cha kahawa aijua injini ya kumenyea buni. Injini yaweza kuwa nzima, mkanda mzima, maji tele, lakini cheche isipofika kwa wakati wake, hakuna kitu kinachozunguka. Moyo nao ni hivyo. Juu upande wa kulia kuna mahali padogo panapotoa cheche, kwa kawaida mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa amepumzika. Cheche hiyo hushuka kwa njia moja ya katikati mpaka vyumba vya chini vinavyosukuma damu. Njia hiyo ikikatika, vyumba vya chini hujikongoja vyenyewe polepole, 30 au 40 kwa dakika, na mara nyingine husita kabisa kwa muda. Hapo ubongo hukosa damu na mtu huanguka kama mti. Damu ikirudi, huinuka na kuuliza kwa nini watu wamemzunguka.

Ugonjwa huo hautibiki kwa vidonge. Dawa yake ni chombo kidogo kiitwacho pesimeka, chenye betri na waya, ambacho hutiwa chini ya ngozi ya kifua ili kiupe moyo cheche ulizokosa. Wala si uvumbuzi wa jana. Tarehe 8 Oktoba 1958, huko Stockholm katika Sweden, daktari wa upasuaji Åke Senning alimtia mtu aitwaye Arne Larsson chombo cha namna hiyo kilichotengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Chombo cha kwanza kilikufa baada ya saa chache tu, wakatia kingine. Bwana Larsson, aliyekuwa akizimia mara nyingi kila siku na mkewe akikataa kukaa kimya, aliishi mpaka 2001, akafa mwenye umri wa miaka 86, baada ya kubadilishiwa vyombo 26. Wote wawili, daktari na mhandisi, walitangulia kufa.

Hilo ni la moyo unaokwenda polepole. Kuna na moyo unaokwenda mbio kwa sababu umezaliwa na njia ya pili ya umeme isiyotakiwa, hata kijana akiwa amekaa tu husikia moyo ukipiga 180 au 200. Njia hiyo bingwa huitafuta kwa nyaya nyembamba zinazopitishwa katika mshipa wa paja mpaka moyoni, akaichoma, na mara nyingi mgonjwa amepona kwa maisha yake yote. Na kuna ule ugonjwa wa vyumba vya juu kutetemeka bila mpango. Huo hauui kwa kuangusha. Damu hutuama mle chumbani, ikagandamana, na donge likipanda kichwani mtu hupooza upande mmoja. Hatari ya kupooza kwa mwenye ugonjwa huo ni kama mara tano kuliko mwingine. Je, ni wazee wangapi hapa kwetu tumewaona wamekaa nje ya nyumba mkono mmoja umekufa, tukasema ni presha tu? Presha ndiyo, mara nyingi. Lakini si siku zote.

Basi tufanye hesabu ya karani. Madaktari wa moyo wa Afrika, walio na chama chao kiitwacho PASCAR, walichapisha ripoti mwaka 2018. Walionyesha kwamba nchi ya katikati miongoni mwa zile walizochungua hutia pesimeka 2.66 kwa mwaka katika kila watu milioni moja, kiasi kilicho chini ya Ulaya kama mara 200. Hesabu ya watu ya 2019 ilikuta kaunti yetu ya Embu ina watu 608,599. Tukifuata kipimo hicho, Embu nzima, toka Mbeere mpaka msitu wa mlima, ingepata pesimeka moja au mbili kwa mwaka. Tukifuata kipimo cha Ulaya zingekuwa zaidi ya 300. Najua Ulaya kuna wazee wengi kuliko kwetu, na ugonjwa huu hupenda wazee. Punguzeni nusu kwa ajili hiyo, kisha nusu tena. Hata hivyo hamtafika kwenye mbili. Hao wengine wako wapi? Wako kama alivyokuwa mwenzetu wa mizani, wanaitwa wenye kifafa, au walevi, au wamekwisha kuzikwa na tukala chai ya matanga tukisema alianguka ghafula.

Kwa nini hatuna watu wa kazi hii? Kwa sababu kumfanya mmoja ni safari ndefu kuliko ya fundi ye yote ninayemjua. Miaka 6 ya chuo cha udaktari, mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, kisha kazi, kisha miaka 3 au zaidi ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, kisha miaka 2 au 3 ya moyo, na baada ya hayo yote mwaka 1 au 2 mingine ya umeme wa moyo peke yake. Hatua hizi mbili za mwisho wao huziita feloshipu. Kijana aliyeondoka shule ya sekondari na miaka 18 akifuata njia hiyo bila kukwama atafika na miaka 35 hivi, mvi za kwanza zikitoka. Wala kazi hii haisomwi kitabuni. Kama vile fundi wa magari alivyo chini ya gari na mkubwa wake akimpasia spana, vivyo hivyo daktari huyu hana budi kusimama kando ya bingwa, mgonjwa baada ya mgonjwa, mpaka mkono wake uzoee. Mahali pasipo wagonjwa wengi, mashine na mwalimu, hapana mafunzo.

Na mkate wake katika miaka hiyo analipa nani? Hapa ndipo penye jambo letu sisi watu wa vyama. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100, tangu Desemba 2016 hata Machi 2017, na viongozi wao wakatiwa jela Februari 2017. Wengi wetu tulisikia habari za mishahara tu. Lakini mapatano ya 2013 waliyokuwa wakiyapigania yalikuwa na mambo ya mafunzo na ya kuongeza madaktari pia. Wakagoma tena siku 56 mwaka 2024, na safari hiyo mshahara wa wale wa mazoezi ndio uliokuwa kiini cha ugomvi. Hata sasa yuko daktari anayejilipia karo ya ubingwa, naye usiku na mchana anatibu watu katika hospitali ya kufundishia bila mshahara, ati kwa kuwa ni mwanafunzi. Sisi tungeambiwa kwamba mwanagenzi ahudumie mashine mwaka mzima bure na juu yake alipe ada, tungefunga kiwanda kabla ya saa nne.

Kaunti nayo ina neno lake, na si neno la kijinga. Tangu kazi ya afya ilipogawiwa kaunti mwaka 2013, daktari akienda masomoni kaunti huendelea kumlipa naye yuko Nairobi anatibu watu wa Nairobi. Akimaliza, hospitali ya faragha humnong'oneza mshahara mara mbili na harudi tena. Mkubwa wa kaunti huuliza: nimlipe wa nini? Mimi ningekuwa katika kiti chake ningeuliza hivyo hivyo. Lakini dawa ya jambo hilo iko katika mkataba: asome kwa mshahara wake wote, arudi atumikie miaka iliyoandikwa, na akirudi akute chumba na vyombo vya kazi yake. Nasisitiza hilo la mwisho, maana bingwa wa umeme wa moyo asiye na chombo ni sawa na dereva asiye na gari, atakaa ofisini asaini karatasi za likizo mpaka achoke aende zake. Kwa hiyo nawasihi tusiombe daktari bila chombo, wala tusiombe chombo bila daktari.

Tumeshaona la pili. Mwaka 2015 Serikali ilianza mpango wa kukodi mashine kubwa za hospitali kwa kaunti zote 47. Seneti iliuchunguza, na ripoti ya 2020 ikaulaumu sana. Kati ya malalamiko ilikuwa kwamba mashine nyingine zilikaa bila kazi kwa kukosa watu waliofundishwa kuzitumia. Mwaka 2018 wakaletwa madaktari 100 kutoka Cuba, na 50 wa kwetu wakapelekwa huko kusomea udaktari wa jamii. Mpango wa Cuba ulikwisha 2023. Sina ugomvi na Wacuba, walifanya kazi yao. Lakini mgeni huondoka na mkono wake. Na wale madaktari wema wanaokuja kwa juma moja kutia watu pesimeka, wakapigwa picha na wagonjwa wakaenda zao, nawashukuru nao, ila pesimeka yataka kukaguliwa kila mara kwa chombo chake maalum, na betri huisha baada ya miaka kama 8 au 10. Aliyeitia yu wapi siku hiyo?

Mtu atauliza, daktari wetu aende wapi? Wengine wakisikia kusoma hufikiri London tu. Mwaka 2014 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kuzisaidia nchi za Afrika ya Mashariki kujenga vyuo vya ubingwa, na nchi hizo zikagawana viungo kama ndugu wanaogawana mbuzi: Kenya ikachukua figo, Uganda saratani, na Tanzania ikachukua moyo. Huko Dar es Salaam, penye Muhimbili, iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa 2015, nayo ni hospitali ya Serikali yenye kutia pesimeka. Daktari wa Embu akienda huko atasoma kwa Kiingereza na kuzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili, kwa nauli ya basi. Kwa hatua ya mwisho iko Groote Schuur ya Cape Town, ile ile iliyofanya upandikizaji wa kwanza wa moyo wa mtu mwaka 1967, ambayo imefundisha madaktari wa nchi nyingine za Afrika kutia pesimeka. Madaktari wa hapo walichapisha habari mwaka 2015 za kutumia tena pesimeka zilizotoka kwa watu waliokufa, zikiwa zimesafishwa, na wakaziona zafanya kazi kama mpya. Jaribio kubwa zaidi lililoongozwa na Chuo Kikuu cha Michigan, lenye wagonjwa karibu 300 katika nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo, lilitoa majibu ya namna hiyo hiyo mwaka 2024. Wengine husema ni aibu kuvaa chombo cha maiti. Mwenzetu wa mizani aliposikia hivyo alisema kwamba yeye amevaa koti la mtumba miaka 30 na halijamwuma.

Nije sasa kwa lile neno zito ambalo yule ndugu wa nyuma hakulisema lakini angeweza. Kwamba fedha za bingwa mmoja zingetosha kujaza dawa zahanati nyingi. Ni kweli. Tena wengi wenye moyo wa kutetemeka huanzia utotoni, koo likauma, likaachwa, baridi yabisi ikaingia mpaka kwenye vilango vya moyo. Koo hilo latibika kwa penisilini, dawa ya bei ndogo. Na wakishakuwa wagonjwa, utafiti uliotolewa 2022 juu ya watu kama 4,500 wa nchi maskini ulionyesha kwamba warfarini, dawa ya zamani, iliwafaa kuliko dawa mpya ya gharama. Kwa hiyo mimi nasema zahanati kwanza, wala sibishani. Lakini warfarini hutaka damu kupimwa mara kwa mara, ikizidi mtu huvuja damu na ikipungua hupooza. Nani atawafundisha waganga wa zahanati kusoma ile karatasi ya umeme wa moyo na kupima dawa hiyo sawasawa? Bingwa mmoja pale Embu, akifanya kazi yake vizuri, saa zake nyingi zitakuwa za kufundisha wauguzi na maafisa wa kliniki wa Runyenjes, Ishiara na Siakago. Yule msichana aliyehesabu 32 alifundishwa na mtu fulani.

Kuna na jambo la muguka, ambalo nikilitaja nitapoteza marafiki. Muguka ndio karo ya watoto wengi hapa na kule Mbeere, na mwaka 2024 magavana wa Pwani walipoupiga marufuku sote tulipiga kelele. Hata hivyo yeyote anayetafuna ajua kwamba moyo hukimbia, na madaktari wa Yemen wameonyesha kwamba watafunaji wa miraa hushikwa na moyo zaidi. Ningependa aje mtu mwenye elimu atupime sisi wenyewe, atuambie ukweli wetu, kuliko kuambiwa na mwanasiasa wa mbali au na mfanya biashara wa karibu.

Basi barua ya Katibu naiunga mkono, ila naomba iongezwe mambo. Mafundi wa mashine ya moyo na wauguzi watakaofanya kazi na bingwa huyo nao wafundishwe na wapandishwe daraja, maana hao ndio wanaobaki zamu ya usiku. Na Kaunti itaje kwa maandishi chumba na vyombo vitakuwa tayari mwaka gani. Tunayo haki ya kuuliza. Tangu Oktoba 2024 kila mmoja wetu hukatwa Sh. 2/75 katika kila Sh. 100/- ya mshahara kwa ajili ya bima ya afya ya SHA, na mkato huo haungoji mwisho wa mwezi wa pili.

Jambo jingine halimhusu Gavana wala Cape Town, nalo naliomba kwa nguvu zaidi. Katika mapatano yetu yajayo na waajiri kiandikwe kifungu hiki: mfanya kazi akianguka au akizimia kazini, asiandikiwe barua yo yote ya adabu mpaka apimwe mapigo na umeme wa moyo wake, na gharama iwe ya mwajiri. Ni karatasi moja na dakika kumi. Kama ningekuwa na karatasi hiyo siku ile mbele ya meneja, mambo yangekuwa mengine.

Mwenzetu alipata pesimeka yake Nairobi, baada ya harambee tatu na ng'ombe mmoja kuuzwa. Haanguki tena. Kazi yake hakurudishiwa, na barua ya ulevi ingali katika faili. Kila anapotakiwa kukaguliwa hupanda gari hapa Karurumo alfajiri, apite Runyenjes, apite Embu, kisha zaidi ya kilomita 120 mpaka Nairobi, arudi usiku. Nilipomwambia kwamba naandika habari hii alinituma niulize swali moja katika mkutano wa tawi ujao, nami naliuliza hapa mapema ili mje na majibu: betri yake ikikaribia kwisha, na yeye wakati huo amezeeka hawezi safari ya Nairobi, atakuwepo nani Embu wa kumwambia?

Ni mimi mwanachama wenu,
aliyekuwa mjumbe wa tawi, Karurumo.